Jinsi ya kumchimba jenerali wa Kiingereza aliyemuamrisha babu yako, bila kutoka Mombasa

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya. Kwa vijana wa sasaivi, keya ni lile jeshi la King's African Rifles, wazee walichukua zile herufi tatu za mwanzo wakazisema kwa mdomo wao zikawa keya, na babu mwenyewe kwa karatasi za Mzungu hata hakuwa huko, alikuwa dereva wa lori kwenye kikosi cha usafirishaji, lakini mtaani kwetu Majengo kila aliyevaa kaptula ya kaki akarudi na sanduku la bati alikuwa keya, basi. Alifariki mimi nikiwa darasa la tano. Kaacha lile sanduku, medali moja ya umbo la nyota, na stori ambazo hazina tarehe hata moja. "Mfungo nne tukavuka mto." "Kaskazi bado yavuma, tukaingia mji wa Mataliani." "Tukakuta petroli yakhe, petroli mpaka watu wakaogea mikono." Ukimuuliza mwaka gani anakwambia wakati wa vita.

Niliposema niandike maisha yake nikafanya kosa ambalo naona wengi tunalifanya, nikaanza kumtafuta babu mwenyewe. Jina lake Google, jina lake likiandikwa kwa i, jina lake likiandikwa kwa e, jina la babake, jina la mtaa, miezi mitatu bando zikaisha na sikupata kitu. Nilichokuja kushtukia baadaye ni kwamba babu hakuandikwa, lakini jenerali wake kaandikwa mpaka basi. Alizaliwa lini, kapanda cheo lini, kavuka mto gani tarehe ngapi, kafukuzwa lini. Kwa hivo usimtafute babu kwanza. Mtafute jenerali, alafu mfunge babu kwake kama mashua inavofungwa kwenye gati. Gati halitingishiki, mashua ikishafungwa hapo unaweza kuipima. Hapa naeleza vile nilivofanya mimi, na makosa yangu yote, ili wewe usipoteze miezi mitatu.

Anza na chuma, vitabu baadaye

Nenda kwa mwenye sanduku. Kwetu ni ami mkubwa, na ukienda nenda na adabu zako, usifike na simu mkononi unapiga picha kabla hata ya kuambiwa kaa. Mimi niliingia, shikamoo ami, marahaba, kahawa ikaletwa, na bado nilipotaja medali akanitazama jicho la pembeni. "Wataka kuiuza?" La ami, nataka kuisoma tu. Ikabidi nirudi mara ya pili na mahamri ndio sanduku likafunguliwa.

Zile nyota za vita vya pili zote zinafanana, ncha sita, rangi ya shaba, kwa hivo usidanganyike na umbo. Tazama ule mduara wa katikati, umezunguka herufi za mfalme George, na kwenye mduara kumeandikwa jina la nyota yenyewe. Ya babu ilikuwa Africa Star. Utepe wake kama haujafifia ni wa rangi ya mchanga, katikati mstari mpana mwekundu, na vistari viwili vyembamba, kimoja bluu iliyokoza na kimoja bluu nyepesi. Ukikuta Burma Star basi huyo wako alipelekwa mbali zaidi, utepe wake una nyekundu katikati na bluu nzito huku na huku iliyopigwa mstari wa rangi ya chungwa. Nyuma ya hizi nyota mara nyingi ni tupu, hamna jina la mtu, usivunjike moyo. Medali za vita vya kwanza ndio kwa kawaida zina jina na namba ukingoni, hizo ukiipata shika taa ya simu uisome pembeni polepole kama unavosoma chapa ya sarafu.

Kama kuna karatasi ya kuachishwa jeshi, hiyo ni dhahabu, ina namba, kikosi na tarehe. Yetu ilikuwepo. Ami aliwahi kumpa mtu wa fotokopi miaka hiyo akatoe nakala, mtu kahama duka na karatasi, mpaka leo. Kwa hivo neno langu ni moja, karatasi haitoki nyumbani, ipige picha hapo hapo mezani, mchana, karibu na dirisha, bila flashi.

Jenerali gani sasa?

Hapa watu wanachanganya sana, wanadhani jenerali wa Waingereza alikuwa mmoja. Uliza maswali matatu tu: vita gani, nchi gani, mwaka gani au hata msimu gani.

Kama ni vita vya kwanza na stori ni ya Tanga na nyuki, huyo ni Meja Jenerali Arthur Aitken, alikuja na meli kutoka Bombay na watu kama 8,000, akashuka Tanga Novemba 1914, Mjerumani von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, na Aitken akapigwa akarudi melini, nyuki nao wakamsaidia Mjerumani, na hiyo ya nyuki si uongo wa wazee, nyuki walikuwepo kweli. Hakupewa tena jeshi la kuongoza vitani. Kama ni 1916 ni Jan Smuts, kaburu huyo, baadaye akaja Hoskins alafu van Deventer mpaka mwisho. Na kama wako hakuwa na bunduki alikuwa anabeba mizigo, basi alikuwa Carrier Corps, ndio hiyo imezaa jina Kariakoo kule Dar na Kariokor ya Nairobi.

Vita vya pili kwenda Somalia na Habeshi, yani Ethiopia ya leo, ni Alan Cunningham. Madagaska 1942 ni William Platt, ambaye kabla ya hapo alikuwa upande wa Sudani na Eritrea alafu akaja kukaa huku mpaka mwisho wa vita. Burma ni Fowkes kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na juu yake Slim. Wakati wa Mau Mau ni George Erskine kuanzia 1953, alafu Lathbury. Kama babu yako alipanda meli Kilindini mwanzo wa Februari 1944 na hakurudi, tafuta jina la meli Khedive Ismail, ilitoka hapa kwenda Colombo na ikazamishwa na manowari ya Wajapani tarehe 12 mwezi huo, watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kuna nyumba pwani na bara hazijawahi kuambiwa.

Wangu alikuwa Cunningham, kwa hivo nitakuonyesha kwa huyo, wako utamfanya vivo hivo.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha ni yeye

Hapa ndio nililiwa wiki mbili nzima. Nilisoma mahali kwamba Cunningham aliwapiga Wataliani Machi 1941, na babu naye alikuwa anawapiga Wataliani Machi 1941, nikasema alhamdulillah nimefika. Nikaandika kurasa nne. Kumbe huyo ni Andrew Cunningham, ndugu yake, admirali wa majini, na vita vyenyewe vilikuwa bahari ya Ugiriki kule Matapan, wakati jeshi la ndugu yake mdogo Alan mwezi huo huo lilikuwa linaingia Harar. Mama mmoja, baba mmoja, adui mmoja, mwezi mmoja, mmoja majini mmoja nchi kavu. Alafu kama haitoshi, Alan alipopelekwa Misri mwaka huo huo, mkuu wa ndege huko alikuwa Coningham, herufi tofauti lakini ukisikia kwa sikio ni yale yale.

Kwa hivo usitafute jina la ukoo peke yake. Andika majina yote, Alan Gordon Cunningham, weka kwenye alama za kunukuu, na ongeza kikosi chake, Royal Artillery, yani mizinga. Ukifanya hivo ndugu yake anatoka na yule wa ndege anatoka.

Panga ngazi ya vyeo

Chukua daftari la mistari, kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto wa jenerali, wa kulia wa babu, kulia acha tupu kwanza. Kushoto jaza kuanzia kuzaliwa. Huyu wangu alizaliwa Dublin 1 Mei 1887, babake profesa wa anatomia chuoni huko huko. Akasomea jeshi Woolwich, chuo cha watu wa mizinga, akatoka afisa 1906. Vita vya kwanza alikuwa Ufaransa na mizinga ya farasi, akapata medali za vita, Military Cross 1915 na DSO 1918. Baadaye kidogo akawa afisa huko Singapore na pande zake. 1938 akapewa umeja jenerali, akakabidhiwa kikosi cha kulenga ndege. Hii sehemu ya katikati kwa majenerali karibu wote ni kavu, ofisi baada ya ofisi, usikae hapo sana, andika mistari mitatu uende.

Vyeo umevipata wapi? London Gazette. Ni kama Kenya Gazette yetu, gazeti la serikali, lakini lao lipo tangu 1665 na lote limewekwa mtandaoni, kusoma ni bure. Kila afisa akipewa cheo jina linatoka humo. Weka jina, weka mwaka wa kuanzia na wa kuishia usizidishe miaka miwili, maana ukiacha wazi yanakuja majina elfu. Na ujue kwamba maandishi yamesomwa na mashine kutoka karatasi kuukuu, saa nyingine Cunningham inasomeka na herufi moja imegeuka, kwa hivo kama hakuna kitu jaribu nusu ya jina.

Mambo mawili ya vyeo yatakukoroga. Moja, luteni jenerali ni mkubwa kuliko meja jenerali, ingawa meja ni mkubwa kuliko luteni. Najua, haiingii akilini, ni mabaki ya zamani, huyo wa pili alikuwa anaitwa sajenti meja jenerali, wakakata neno la mbele. Mbili, wakati wa vita mtu alipewa cheo cha muda, anavaa luteni jenerali lakini cheo chake halisi bado meja jenerali, kwa hivo ukikuta karatasi mbili za mwezi mmoja zinamtaja kwa vyeo viwili usiseme mmoja kakosea.

Na hii nakupa bure, imenisaidia sana: tazama neno Sir. Cunningham alipewa u-Sir mwisho wa Mei 1941, baada ya kushinda huku kwetu. Karatasi au maelezo ya picha yakisema Sir Alan, yaliandikwa baada ya hapo hata kama picha yenyewe ni ya Februari. Nilikuwa na picha moja nimeitundika kichwani kama ya Kismayu, kumbe maelezo nyuma yaliongezwa baadaye.

Soma ripoti yake mwenyewe, polepole

Majenerali waliandika ripoti kwa wakubwa wao, na nyingi zikachapwa kwenye ile Gazette vita vilipoisha. Ya vita vya Afrika Mashariki ilitoka 1946. Ni Kiingereza kigumu cha kijeshi lakini ina kitu ambacho huwezi kupata kokote, tarehe kwa tarehe. Mimi nilisoma na kamusi na kikombe, kurasa mbili kwa usiku.

Cunningham alishika jeshi la huku tarehe 1 Novemba 1940. Mwezi uliotangulia ndege za Wataliani zilikuwa zimedondosha mabomu Malindi, na Moyale ilikuwa mikononi mwao tangu Julai, kwa hivo huku pwani watu walikuwa roho juu. Kwanza yeye mwenyewe aliona Kismayu haishikiki kabla ya masika kupita, alitaka kungoja mpaka Mei. Desemba 16 wakapiga El Wak, Wataliani wakatawanyika mbio, na hapo akaanza kuona kwamba hawa jamaa mioyo haimo vitani. Akabadilisha, akasema Februari, kabla ya mvua.

Kismayu ikaingiwa 14 Februari 1941. Alafu mto Juba, ambao ndio ulikuwa ukuta wa Wataliani, ukavukwa, Jilib ikaanguka tarehe 22, na baada ya siku tatu tu, tarehe 25, Wanigeria wa jeshi lake walikuwa ndani ya Mogadishu. Siku tatu, mamia ya kilomita, na lori za wakati ule. Mogadishu wakakuta Wataliani wamekimbia wakaacha petroli kama galoni 350,000 hazijachomwa.

Niliposoma hiyo niliweka simu chini. Petroli mpaka watu wakaogea mikono. Nyumbani sote tulikuwa tunacheka tukidhani mzee anaongeza chumvi.

Bila ile petroli jeshi lingekwama, ndio maana wanaojua vita wanaitaja sana. Kutoka hapo wakakata kwenda Jijiga, Harar tarehe 26 Machi, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili, waliotangulia wakiwa ni brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, vijana wetu. Hesabu inayotajwa ni maili 1,700 kwa siku 53, yani kama kilomita 2,700, ni kama kwenda Nairobi na kurudi karibu mara tatu, ila huku hamna lami wala Mtito Andei ya kunywa chai. Hasara ya jeshi lake kwa waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea ilikuwa watu 501, na mateka zaidi ya 50,000.

Usiisome ripoti kama msahafu lakini. Jenerali anaandika kujipamba pia. Tazama anachokipita haraka. Jeshi lake limeingia Addis Aprili 6, mwenye nchi, Haile Selassie, akaingia Mei 5, karibu mwezi mzima baadaye, na waliokuwa wanamzuia asiharakishe ni hawa hawa waliokuja kumkomboa, wakihofia Wataliani raia walioko mjini watalipiziwa. Na wale wapiganaji wa Habeshi waliokuwa msituni tangu 1936 ukisoma ripoti peke yake utadhani walikuwa watazamaji. Madereva ndio usiseme, kwenye ripoti lori zinatembea zenyewe.

Geuza mfungo kuwa tarehe

Hii sehemu ndio yetu sisi watu wa pwani na hutaikuta kwenye kitabu cha Mzungu. Wazee walihesabu kwa miezi ya Kiislamu, na wakahesabu kwa upepo. Mfungo mosi ni mwezi wa Idi ndogo, Shawwal, alafu pili, tatu, na mfungo nne ni Muharram, mfungo sita ndio wa Maulidi. Tafuta mtandaoni kigeuzi cha kalenda ya Hijria, ziko nyingi, weka tarehe za jenerali moja moja. Acha siku moja huku na huku kwa sababu ya mwezi kuandama.

Muharram ya 1360 ilianza karibu na 29 Januari 1941 ikaisha karibu na tarehe 27 Februari. Sasa rudi kwa babu. "Mfungo nne tukavuka mto." Juba imevukwa kabla tu ya Februari 22. Kismayu ndani ya mfungo nne, Juba ndani ya mfungo nne, Mogadishu ndani ya mfungo nne. Na kaskazi? Februari kaskazi yavuma bado, masika haijaja, na jenerali mwenyewe kaandika alikuwa anaikimbia mvua. Mzee hakukosea hata neno moja. Hata ile stori yake ya kwamba "bwana mkubwa mpya alikuja sikukuu" ambayo hatukuielewa miaka yote, weka 1 Novemba 1940 kwenye kigeuzi, inaangukia Idi, ama mkesha wake.

Majina ya miji nayo yageuze. Ripoti na ramani za Kitaliano zinasema Chisimaio, Mogadiscio, Giuba, Gelib. Brava ni Barawa, mji ambao watu wake wanasema Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu, na babu alikuwa akisema njiani walikuta watu wanaongea "kama sisi lakini sio sisi". Andika jina la zamani na la sasa yote mawili daftarini la sivyo utatafuta mji mmoja mara tatu.

Usimalizie pale alipokuwa mzuri

Ukiwa umempenda jenerali wako utataka kuishia Addis Ababa. Usifanye hivo. Cunningham baada ya ushindi huu akapelekwa Misri Agosti 1941 akapewa Jeshi la Nane, kubwa, la vifaru, kupambana na Rommel, jenerali wa Wajerumani. Yeye ni mtu wa mizinga, hajawahi kuongoza vifaru vingi hivo, na wakamuanzishia vita tarehe 18 Novemba. Daktari alikuwa amemkataza kiko chake kwa ajili ya jicho, na mtu aliyezoea kiko ukimnyima wakati wa vita, haya, wanaovuta wataelewa. Vifaru vikapotea vingi sana siku za mwanzo, akataka kurudi nyuma, mkubwa wake Auchinleck akaruka kwa ndege mpaka jangwani akasema harudi mtu, na tarehe 26 Novemba akamuondoa akamueka Ritchie. Miezi saba na siku ishirini tangu Addis. Na Rommel mwenyewe akarudi nyuma Desemba, ile ile vita Cunningham aliyotaka kuikatisha.

Binafsi naona walimuonea kidogo, sio kwa kumtoa, kumtoa ilibidi, ila kwa kumpeleka. Lakini hayo ni mawazo yangu na wewe yako yaweke kando na tarehe, ukurasa tofauti.

Baada ya hapo akapewa chuo cha maafisa, alafu Ireland Kaskazini, kazi za ofisini, pita haraka. Novemba 1945 akapelekwa Palestina kuwa mkuu wa serikali ya Waingereza, wa mwisho kabisa. Julai 1946 hoteli ya King David kule Jerusalem ikalipuliwa, watu 91 wakafa. Wakati wake ndio wafungwa wa Kiyahudi wa vile vikundi vya siri vilivyokuwa vikipigana na Muingereza waliletwa mpaka Gilgil hapa Kenya, 1947. Na 14 Mei 1948 akapanda meli Haifa akaondoka, usiku huo utawala wa Muingereza ukaisha. Hiki kipande kwa Mombasa utasomewa na watu ambao kila Ijumaa wanaiombea Palestina, kwa hivo kiandike kwa makini, tarehe na alichofanya, usikitie sukari wala pilipili. Alioa 1951, akiwa na miaka kama 64, na akafariki 30 Januari 1983 ana miaka 95. Karatasi zake za Palestina ziko chuo cha St Antony's, Oxford.

Toka nje kidogo

Kuna vya kuona hapa hapa mjini. Sanamu ya askari pale Jomo Kenyatta Avenue kila siku tunaipita kwenye matatu, shuka siku moja uisome. Ni ya vita vya kwanza, na maneno yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Makaburi ya Mbaraki yana makaburi ya vita, mawe yana nembo ya kikosi, jina na tarehe, ongea na mlinzi kwanza, na asubuhi ndio mwanga mzuri. Shule ya Allidina Visram, 1942 jeshi la majini la Waingereza lilihamia humo na watu wao wa kusikiliza na kufumbua siri za Wajapani, wanafunzi wakatolewa. Bandarini na kambini usipige picha, sitaki uniite nikudhamini.

Kwa waliokufa, tafuta kwenye tovuti ya CWGC, wale wanaotunza makaburi ya vita. Ujue tu kwamba 2021 wao wenyewe walitoa ripoti wakakubali watu wengi wa vita vya kwanza, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000. Kwa hivo wa vita vya kwanza asipoonekana humo, usiseme hakuwepo.

Ukimaliza, jaza ule ukurasa wa kulia. Kila stori ya babu iweke mbele ya tarehe ya jenerali inayokaribiana nayo, na pembeni andika kwa penseli "hakika" au "yaelekea". Zangu nane zikapata mahali, tatu bado zinaelea. Nilichapa saiba, nikalamineti, nikampelekea ami. Kaisoma yote, miwani puani, kimya. Alafu akaniambia hapa kwa Jilib umekosea, babu yako hakuvuka kwa lori, lori ilivushwa baadaye, yeye alivuka kwa mguu na viatu shingoni. Nikatoa penseli.